Kaburi la Mheshimiwa Bashweka

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Kokubelwa alichukua panga nyuma ya mlango akaingia shambani kupunguza majani makavu ya migomba. Kazi hiyo mkono wake uliijua wenyewe. Alipita akiisalimia migomba kwa sauti ndogo, mmoja mmoja. Alikuwa mwanamke wa haya nyingi, na migomba ilikuwa na tabia nzuri ya kutomkodolea macho.

Asubuhi hiyo alikata jani moja la kawaida kabisa, na panga lilipopita pakatoka uji wa njano, mzito kama usaha. Akakata mgomba wa pili. Uji uleule. Akaangusha mkungu uliokuwa bado mchanga, akapasua ndizi moja: nje imeiva kabla ya wakati wake, ndani nyeusi kama masizi ya chungu.

Jikoni chai ilichemka ikamwagikia moto, na hakuna aliyeiepua.

Kijiji chao kiliitwa Kigazi. Kilikuwa kwenye vilima vya mwisho kabisa vya Jamhuri ya Sawasawa, nchi ambayo msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana serikali yake iliikataa ramani baada ya kugundua kwamba nchi ilikuwa imechorwa ndogo. Watu wa Kigazi waliishi kwa ndizi. Walizichemsha, walizichoma, waliziponda, walizikamua wakanywa. Mtoto aliachishwa ziwa kwa ndizi na bibi harusi alisindikizwa kwa mkungu. Ma Regina, mama yake Kokubelwa, alikuwa na msimamo wake: siku isiyo na ndizi hajala, hata kama amemaliza sahani mbili za wali.

Kwa hiyo ugonjwa ule, mnyauko, ulipopita shamba hadi shamba, watu hawakusema zao limeharibika. Walisema tumekwisha. Wakaamua kumpeleka mtu Bungeni.

Aliyechaguliwa ni Anakleti Bashweka, kaka yake Kokubelwa, kiongozi wa kwaya. Sifa yake kubwa ilikuwa sauti. Anakleti akiita mbuzi wake, mbuzi wa kilima cha pili nao walikuja. Kigazi walijua kwamba mji mkuu uko mbali, wakaona itafaa mtu ambaye hata akikosa usafiri atasikika.

Siku ya kuondoka, Ma Eujenia, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, alimshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayetumwa dukani.

"Tunakutuma neno moja tu, mwanangu. Ukifika usisalimie sana, utasahau. Sema: migomba inakufa, tupeni miche mizima na bwana shamba. Haya, rudia."

"Migomba inakufa, tupeni miche mizima na bwana shamba."

"Tena."

"Ma Eujenia, mimi ni mbunge sasa."

"Ndiyo maana nasema tena!"

Watu walicheka, naye akarudia. Kokubelwa alimpa mkungu uliobaki mzima wa shamba lao, wa kula njiani. Macho ya Anakleti yakalowa. Alikuwa mtu mwema siku hiyo, hilo lisisahauliwe. Alisema kwa ile sauti yake, vilima vikasikia: "Koku, nikirudi bila miche, mnizike!"

Kokubelwa alitaka kumwambia asiseme hivyo. Lakini palikuwa na watu wengi, akasema kile alichosema siku zote watu wakiwa wengi: "Tumesikia, kaka."

*

Yaliyotokea Bungeni Kokubelwa aliyasikia kwenye redio, iliyowekwa dirishani kwa Ma Regina ili na majirani wafaidi.

Bunge la Sawasawa lilisifiwa dunia nzima, kwa maelezo ya Bunge la Sawasawa, kwa utaratibu wake. Kwanza lilitayarishwa jibu. Jibu likishapigwa pasi, ndipo alipotafutwa mbunge wa kuuliza swali linalolingana nalo. Kila kiti kilikuwa na kipaza sauti cha kisasa kilichowaka chenyewe mbunge aliposema "naunga mkono" na kuzimika chenyewe aliposema jambo jingine lolote. Hivyo kelele zilipungua sana.

Lakini Anakleti hakuhitaji kipaza sauti. Siku yake ya kwanza alisimama, akajaza kifua kama anaanzisha wimbo wa Pasaka, akasema: "Migomba inakufa! Tupeni miche mizima na bwana shamba!"

Redio ilinyamaza. Kigazi nzima ikashangilia. Kisha ikasikika sauti ya Spika, ya upole, kama ya daktari mwenye habari mbaya.

"Mheshimiwa mgeni, karibu sana. Kwa bahati mbaya neno 'kufa' si la kibunge. Hakuna mmea uliowahi kuomba kibali cha kufa katika Jamhuri hii, wala hakuna uliopewa. Nakuomba uliondoe neno hilo, ulipanguse, na kiti ulichokikalia ukiombe radhi."

Akasimama Waziri wa Utulivu na Mazao, mtu ambaye kila alipoanza kuhutubia alisubiri kwanza makofi ya hotuba iliyopita yaishe.

"Mheshimiwa Spika, nimepokea taarifa za kitaalamu kutoka kwangu mwenyewe. Migomba ya Kigazi haifi. Mgomba unaoinamisha majani, ukawa wa njano, ukanyamaza, huo unafanya nini? Huo unatafakari!"

"Unatafakari nini?" aliuliza mbunge mmoja aliyekuwa amepewa swali hilo tangu jana yake.

"Mafanikio yetu!"

Wabunge waligonga meza hadi meza moja ikavunjika, ikaundwa kamati ya kuipongeza. Katikati ya kelele ikasikika sauti ya Anakleti, ila sasa ilikuwa ndogo, ilikuwa imeingia ndani ya kipaza sauti ikatoshea.

"Mheshimiwa Spika, naomba radhi. Naunga mkono."

Ma Regina alisogeza sikio dirishani. "Huyo ni mwanangu?"

"Ndiye, mama."

"Mbona anaomba radhi? Kamwaga nini?"

Kokubelwa alizima redio ili betri zisiishe.

*

Anakleti alirudi Kigazi mara moja, akiwa na msafara. Mbele lilikuja gari la king'ora, kuwafukuza kuku. Nyuma yake gari la mapambo, kisha gari lake mwenyewe, ambalo vioo vyake vilikuwa vyeusi kiasi kwamba dada yake alimpungia dereva. Tai yake ilikuwa ndefu, imevuka mkanda.

Walimpikia ndizi. Walizikusanya nyumba kwa nyumba, moja hapa mbili kule, nzima zilizobaki. Anakleti alizitazama, akasema kwa huruma kwamba daktari wa Bunge amemwekea utaratibu wa mkate.

Halafu alihutubia. Alieleza kwamba alipokuwa kijijini alikuwa na uelewa mdogo, sasa ameoneshwa. Migomba inatafakari, na kijiji kinachotafakari ni hazina ya taifa. Akaondoa kitambaa, wakaona zawadi aliyowaletea: bango refu la bati lililoandikwa KIGAZI, KIJIJI CHA TAFAKARI. USISUMBUE MIGOMBA.

"Na kuanzia leo," alisema, "ni kosa kuukata mgomba unaotafakari. Ni kuukatiza."

Msomaji asiyelima ndizi hataelewa kwa nini wanawake walishika vichwa. Mnyauko una dawa moja tu wanayoijua wakulima: mgomba mgonjwa uukate uufukie, na panga ulilokatia ulipitishe motoni kabla halijagusa mzima. Ukiuacha umesimama, na ukatumia panga chafu, unaupeleka ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe.

Ma Eujenia hakuweza kujizuia. "Anakleti, neno tulilokutuma uliliangusha wapi? Tulitafute?"

"Mheshimiwa," alisahihisha mtu wa msafara.

"Haya, Mheshimiwa Anakleti. Uliliangusha wapi?"

Anakleti alicheka kicheko cha Bungeni, kisichofika machoni. Akamgeukia dada yake. "Koku, wewe unanielewa."

Kokubelwa alitazama ile tai. Alikuwa na la kusema. Watu wa msafara wote walikuwa wanamtazama.

"Tumesikia, kaka," alisema.

Anakleti akamshika bega, akaingia kwenye gari ambalo sidhani kama ndilo lake, ila yote yalifanana.

*

Baada ya hapo mambo ya Anakleti yalikwenda vizuri, na ya Kigazi yalikwenda yalikokuwa yakienda. Aliteuliwa Naibu Waziri wa Mazao Yanayotafakari. Mahindi ya kaskazini nayo yalianza kutafakari, kisha mihogo, kisha mto mmoja mzima, na wizara ikapanuliwa. Alisafiri nchi za mbali kufundisha namna ya kutosumbua. Msimu ulikuja, msimu ukaenda, na mlango wake pale Kigazi uliota nyasi.

Kokubelwa, ambaye hakuwahi kuvunja hata foleni, alianza kuvunja sheria. Kila alfajiri aliingia shambani akakata migomba migonjwa iliyokuwa karibu na jiko la mama yake, akaifukia, akalipitisha panga motoni hadi likabadilika rangi. Kwa njia hiyo uliokoka mgomba mmoja. Mmoja tu, nyuma ya jiko, ambao haukuwa hata na mkungu.

Ma Regina hakuuona ukizaa. Serikali ilileta unga wa msaada, Kokubelwa akaupika uji mzuri, laini, akampelekea kitandani.

"Nipe ndizi, Koku."

"Hakuna, mama. Kunywa kidogo."

"Mwambie Anakleti alete. Si alikwenda kuleta?"

Mama aligeukia ukutani, na hakugeuka tena. Zahanati ilisema amekufa kwa uzee.

Anakleti hakuja kuzika. Alikuwa mkutanoni. Lilikuja lori lenye spika kubwa, likaegeshwa kando ya kaburi, dereva akabonyeza kitu, na sauti ya Mheshimiwa ikaanza kumlilia mama yake. Ililia vizuri. Katikati ikapanda, ikawa nyembamba na ya haraka, kama ya ndege.

"Samahanini wafiwa," alisema dereva akiwa amevua kofia. "Mtambo una kasoro. Sio kwamba Mheshimiwa anaharakisha."

Watu wa Kigazi walisimama wakalisikiliza lori likilia. Lilipomaliza, dereva alisubiri kidogo, akijua kwamba mtu angesema neno. Kokubelwa alisema tumesikia.

*

Wazo lilikuwa la Ma Eujenia. Alikuwa amesikia redioni mtaalamu wa sheria akieleza, kwa fahari, kwamba katika Sawasawa kiti cha mbunge hakiachwi wazi kwa sababu yoyote ile isipokuwa kifo.

"Basi," alisema mbele ya chama cha kuzikana. "Mambo ya Bunge hatuyajui. Ila kuzika?"

"Tunajua!" waliitikia wanawake.

Kigazi walikuwa na desturi yao ya zamani. Mtu akipotea, mwili usionekane, misimu ikapita, hawamwachi akining'inia hewani. Huchukua mgomba kutoka shamba la mama yake, mgomba mzima usio na doa, wakaung'oa na tunguu lake, lile shina la chini ya udongo, na mizizi yake kwa sababu maiti haikatwi vipande, wakauvika sanda, wakauzika. Wakishauzika, yule mtu amekufa, na watu huendelea na maisha.

"Lakini yuko hai," alisema Kokubelwa kwa sauti ndogo.

"Amepotea au hajapotea?"

Ma Eujenia alianza kuhesabu kwa vidole.

"Mwili wake tunauona? Anatujua? Basi. Tukishamzika, kiti kiko wazi, tunamtuma mwingine mwenye neno letu. Wewe ndiye kiongozi wa msiba, mwanangu. Mgomba ni wako. Kama hutaki, sema."

Walisubiri aseme. Kokubelwa aliinuka akachukua jembe, akaenda nyuma ya jiko.

Walimzika Anakleti juu kabisa ya kilima, kwenye udongo ambao haujawahi kupandwa ndizi. Walikuja kwa ajili ya kiti cha Bunge, lakini ile sanda ilipoteremka walilia kweli. Walimkumbuka alivyokuwa akiwafundisha wimbo wa Pasaka, anawapiga kwa fimbo ya muziki wanaokosea. Kokubelwa alilia kuliko wote. Alikuwa amezika mgomba wake wa mwisho, na kaka yake, siku moja.

*

Ma Eujenia alituma tangazo la kifo kwenye redio ya taifa, na mjini Spika akatangaza msiba kwa majonzi makubwa. Bunge zima lilisimama kimya. Anakleti naye alisimama, kwa kuwa alikuwa mbunge mtiifu, akainamisha kichwa, na kimya kilikuwa kimefika katikati alipogundua ni nani anayeombolezwa.

"Mheshimiwa Spika, mimi nipo!"

"Marehemu, keti."

"Lakini nipo hapa!"

"Redio ya taifa imeshatangaza. Unataka kusema redio ya taifa imesema uongo?"

Anakleti alifikiri juu ya jambo hilo. "Sitaki."

"Basi pumzika kwa amani, na usimwingilie Mheshimiwa anayekusifu."

Walimsifu hadi jioni. Kisha likapitishwa azimio: kwa heshima ya marehemu, ambaye maisha yake yote aliunga mkono, kiti chake kibaki kitupu milele na kihesabiwe kuwa kinaunga mkono. Hakuna uchaguzi mdogo. Ma Eujenia alipolisikia hilo alikaa chini palepale kwenye majani, akasema, "Hata kufa hakuwatoshi."

Kwa marehemu mambo yalikuwa magumu pia. Dereva wake aliacha kumwamkia. Mlinzi wa lango la Bunge, mtu mwenye adabu, alimweleza kwamba wafu huingilia mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma haujajengwa. Mwisho ofisi moja ilimpa njia: aliyezikwa aweza kurudi, iwapo kaburi litafukuliwa mbele ya mashahidi, na kiongozi wa msiba akiri kwa kinywa chake, hewani, kwamba walikosea.

Wakati huo mvua zilikuwa zimenyesha Kigazi. Kokubelwa alipanda kilimani kupalilia kaburi, akakuta udongo umepasuka. Katikati ya ufa palikuwa na chipukizi, limejikunja kama kidole cha mtoto, la kijani safi. Alipiga magoti. Aligusa, akanusa, akatazama kama kuna njano. Hakuna.

Ma Eujenia aliletwa akaona. Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Afadhali. Kaka yako ameanza kazi."

Wakalizungushia miiba. Kila asubuhi sasa Kokubelwa alipanda kilima, akalisalimia. Lilipokuwa na majani mapana, walianza kupanga kwa minong'ono: likizaa machipukizi mengine, la kwanza litakwenda kwa nani, la pili kwa nani. Watoto walikatazwa hata kupumua karibu nalo.

*

Msafara ulikuja mchana. Safari hii alikuwemo Waziri wa Utulivu mwenyewe, na watu wa redio, na vijana wa kazi wenye mapanga, maana njia ya kilimani ilikuwa nyembamba na gari la Waziri nene. Anakleti alishuka wa mwisho. Alikuwa amekonda. Bila tai alifanana na mama yao.

"Koku. Niokoe, dada yangu. Hujui maisha ya kuwa maiti."

"Kaka, tutasema. Tutasema chochote. Ila kaburi tusiliguse."

"Utaratibu unataka lifukuliwe."

"Kuna mche, kaka. Mzima. Ule uliotumwa kuuleta."

Lakini alisema kwa ile sauti yake ya migombani, na king'ora kilikuwa kinalia, na Anakleti alikuwa ameshageuka kumfungulia Waziri mlango.

Vijana walipanda wakikata njia katikati ya mashamba yanayotafakari. Mgomba baada ya mgomba, mapanga yakichuruzika njano. Kokubelwa alikimbia ubavuni mwao. "Yapitisheni motoni! Jamani, mapanga, yapitisheni motoni kwanza!" Mmoja wao alimtabasamia akampisha, akidhani bibi anashangilia.

Kule juu walifyeka miiba. Panga likapita mara moja, na lile chipukizi likalala. Wakachimba, wakatoa sanda iliyooza na tunguu lililokuwa limeanza kutoa macho mengine, manne au matano, meupe. Mwenye panga akalikata tunguu katikati ili mashahidi waone kwamba si mtu.

"Niko hai!" Anakleti alilia kwa sauti yake ya zamani, mikono juu. "Niko hai!" Msafara ukapiga makofi.

Waziri alimwita Kokubelwa kwenye kipaza sauti. Redio ilikuwa hewani, Sawasawa nzima inasikiliza. "Mama, neno moja tu. Sema: tulikosea. Mheshimiwa arudi kazini."

Kokubelwa alisimama mbele ya kile chuma. Watu wa Kigazi walitazama chini, walijua atakachosema. Anakleti alimwinamia akamnong'oneza, kwa upendo, kama zamani akimsaidia dada yake kwenye sala ya kipaimara: "Kama unaona haya, Koku, sema tu tumesikia. Watapokea."

Kokubelwa alitazama jani lililolala kwenye matope. Lilikuwa bado kijani, halikuwa limejua kwamba limekatwa.

"Hatukukosea," alisema.

Sauti ilipita kilima cha pili, na mbuzi huko wakainua vichwa. Kumbe ilikuwa sauti ya ukoo. Waziri alitafuta pa kuzimia kipaza sauti, lakini Kokubelwa alikuwa ameshakiacha nyuma, amemkaribia kaka yake, uso kwa uso.

"Tulijua uko hai. Ulikuwa hai, Anakleti, mama akafa anaomba ndizi. Tukakuzika kwa mikono yetu, na ulipokuwa chini ya udongo ukatuletea mche mmoja mzima. Ndio peke yake uliowahi kutuletea. Nilikupenda ukiwa humo."